Kazi umemaliza, hela huioni: namna fundi wa kujitegemea anavyoweza kujilinda

Miongoni mwa maswali yanayotufikia studio kwa ujumbe wa simu, moja huja tena na tena likiwa limebadilishwa jina la kazi tu. Fundi uashi amejenga, mwenye nyumba amehamia, hela hakuna. Mama wa cherehani ameshona sare za kwaya, kwaya imeimba, hela hakuna. Kijana amepiga picha za harusi, mwenye trekta amelima ekari sita, mpishi amelisha watu mia mbili kwenye sherehe, na kila mmoja anaambiwa "subiri kidogo". Swali ni lile lile: nifanye nini ili nilipwe?

Katika makala hii tunaeleza hatua za kuchukua baada ya mteja kukataa kulipa, hadi Mahakama ya Mwanzo. Lakini tunataka msikilizaji wetu ajue jambo moja mapema. Deni nyingi za namna hii hushindikana siku ile kazi inapoanza, kwa sababu hakuna kilichoandikwa na kazi yote imefanyika kabla ya malipo kuonekana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makala inahusu siku hiyo ya kwanza. Sheria tunazozitaja ni za Tanzania.

Wewe ni mwajiriwa au umejiajiri?

Tuanze hapa, maana njia ya kudai inategemea jibu. Fundi wa kujitegemea ni yule anayechukua kazi kwa bei ya kazi nzima, anatumia vifaa vyake, anapanga muda wake, na leo yuko kwa huyu kesho kwa yule. Huyo analindwa na makubaliano yake na mteja, yaani mkataba.

Lakini wapo wanaoitwa "kibarua" au "fundi wa nje" huku kila siku wanaripoti saa moja asubuhi, wanapangiwa kila hatua, wanatumia vifaa vya mwenye kazi na hawana mteja mwingine. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaangalia hali halisi ya kazi, jina hata likiwa jingine. Ikiwa unamtegemea mtu mmoja kwa kipato, au yeye ndiye anayekuelekeza namna ya kufanya kazi na muda wa kuifanya, au amekupa vifaa, au umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, sheria inaanza kwa kukuhesabu kuwa mwajiriwa. Kimojawapo tu kati ya hivyo kinatosha, na ni juu ya mwenye kazi kuonyesha vinginevyo.

Kama ndivyo ulivyo, madai yako ya ujira yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la CMA. Kule muda ni mfupi: siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na siku 30 tu kama unalalamikia kuachishwa kazi. Usikae nyumbani miezi mitano ukiamini ahadi.

Kuanzia hapa tunazungumza na yule aliyejiajiri.

Neno la mdomo ni mkataba, ila halina kumbukumbu

Watu wengi wanaamini kwamba bila karatasi hakuna mkataba. Si kweli. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano yanakuwa mkataba pale watu wenye uwezo wa kisheria wanapokubaliana kwa hiari, kwa malipo halali na kwa jambo halali. Mtu mwenye miaka 18 na kuendelea na mwenye akili timamu ana uwezo huo. Mlipokubaliana chini ya mwembe kwamba utajenga banda la kuku kwa shilingi 300,000, huo ni mkataba.

Tatizo ni kuuthibitisha. Anayedai ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba anadai. Wewe ukisema 300,000 na yeye akisema mlikubaliana 180,000, atakayesikiliza shauri lenu atauliza: nani mwingine alikuwepo? Mliandika wapi?

Hapa simu ya mkononi inasaidia sana, hata ile ndogo ya tochi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa njia ya kielektroniki, na ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kuwa ushahidi. Kwa hiyo mkishamaliza kuongea, kabla hujashika mwiko wala mkasi, tuma ujumbe. Uwe na mambo matano: kazi gani, bei gani, nani ananunua vifaa, italipwa lini na kwa hatua zipi, na itakamilika lini. Mfano:

"Shikamoo mzee. Kama tulivyoongea leo Jumamosi, nitajenga choo cha matundu mawili hapo nyumbani, kazi ya mikono 400,000. Vifaa unanunua wewe. Unanipa 100,000 Jumatatu kabla sijaanza, 200,000 ukuta ukiisha, 100,000 nikimaliza kupaua. Nitamaliza ndani ya wiki tatu vifaa vikiwepo. Kama kuna nilichokosea naomba unirekebishe."

Ujumbe huo una heshima, na mwisho wake unamwita mteja ajibu. Akijibu "sawa fundi" tu, umepata makubaliano yaliyoandikwa. Asipojibu, mpigie umwombe ajibu, na usianze kazi kwanza. Wapo watu wasiosoma. Kwa hao, kaeni mbele ya shahidi mmoja au wawili wasio ndugu zako, mwandike kwenye daftari, mteja aweke dole gumba, kila mmoja abaki na nakala.

Kazi ikiwa kubwa, tuseme nyumba nzima au sare za shule nzima, ujumbe peke yake hautoshi. Andikeni karatasi, msaini, na mashahidi wasaini. Wengine huenda kwa mtendaji wa kijiji ili makubaliano yafanyike mbele yake. Ni jambo jema, maana mteja anayepanga kukwepa hapendi kusaini mbele ya ofisi.

Gawa kazi, gawa na malipo

Hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Tuchukue mfano wa fundi aliyekubali kujenga nyumba ya vyumba viwili kwa shilingi 1,200,000, kazi ya mikono. Ana saidia fundi wawili anaowalipa 15,000 kila mmoja kwa siku. Kwa siku sita za wiki, hiyo ni 180,000. Kazi ikifika wiki ya tatu bila mteja kutoa kitu, fundi ametoa mfukoni mwake 540,000. Saidia fundi hawataki kusikia habari za mteja, wanamjua yeye. Hapo ndipo mbuzi anauzwa, ada ya mtoto inachelewa, na deni la mtu mmoja linageuka deni la nyumba tatu.

Sasa gawanya hivi. Anatoa 240,000 kabla ya kuanza, zinatosha kulipa wasaidizi wiki ya kwanza na kubakiza kidogo. Msingi ukiisha anatoa 360,000. Kuta zikifika lenta, 360,000 nyingine. Paa likikamilika, 240,000 za mwisho. Jumla ni ile ile 1,200,000. Tofauti ni kwamba mteja akikwama katikati, unachomdai ni cha hatua moja.

Lakini mpango huu una sharti: hatua isiyolipwa isifuatwe na nyingine. Fundi wengi hugawa malipo vizuri, kisha mteja anasema "endelea tu, Ijumaa nitakupa", naye anaendelea. Mwambie kwa upole: "Nitasimama hapa mpaka tumalize ya msingi, nisije nikawakosea vijana." Kama una kazi nyingine, nenda kafanye. Mteja mwenye nia atakutafuta.

Mambo matatu yanaendana na hili.

La kwanza, tenga hela ya vifaa na hela ya mikono yako. Inafaa mteja anunue saruji, bati, kitambaa au mbao mwenyewe, au akupe hela ya vifaa kabla. Usikope dukani kwa jina lako kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine. Mwenye duka atakuja kwako.

La pili, andika kila nyongeza. Kazi inaanza vyumba viwili, katikati mteja anaomba baraza, kisha ngazi, kisha jiko la nje. Kila anapoongeza, tuma ujumbe: "Mzee, baraza uliyoongeza leo ni 150,000 juu ya bei ya mwanzo. Naomba uthibitishe." Usiponena siku hiyo, mwisho wa kazi ataona baraza ilikuwa ndani ya bei.

La tatu, andika kila unachopokea. Daftari la shilingi mia chache linatosha: tarehe, kiasi, kwa ajili ya hatua ipi, saini. Akikulipa kwa simu, ujumbe wa muamala ni risiti; usiufute. Kuandika unachopokea kunakulinda wewe na kunamlinda yeye, na mteja mwaminifu hataona vibaya.

"Nikivuna nitakulipa"

Vijijini hela ina msimu. Mtu analimiwa shamba mwezi wa kumi na moja, hela ataipata mahindi, pamba au korosho ikiuzwa. Hatuwezi kumwambia mwenye trekta asilime mpaka mkulima apate taslimu. Angekosa kazi na mkulima angekosa chakula. Mkopo wa namna hiyo ni sehemu ya maisha. Unachotakiwa ni kuufunga vizuri.

"Baada ya mavuno" si tarehe. Mazao yanaweza kuvunwa mwezi wa saba yakauzwa mwezi wa kumi, au malipo ya chama cha ushirika yakachelewa. Andikeni siku: "Italipwa kabla ya tarehe 31 Agosti, mazao yawe yameuzwa au hayajauzwa." Na chukua angalau kianzio cha kutosha gharama zako za wazi. Mwenye trekta asikubali kulima bila hela ya mafuta na ya dereva, kwa sababu hizo zinatoka mfukoni siku hiyo hiyo. Faida ndiyo inayoweza kusubiri.

Kama malipo ni mazao, andikeni kipimo. "Gunia tatu" ni maneno mepesi. Gunia la lumbesa na gunia la kilo mia ni vitu viwili. Tajeni kilo au debe, na muda wa kuyapokea. Kumbuka mahindi ya wakati wa mavuno huwa na bei ya chini, ukiyapokea wakati huo na ukalazimika kuyauza palepale, unaweza kupata pungufu ya ulivyohesabu. Bei uliyopiga iangalie hilo.

Haya, undugu na ukubwa wa mtu

Tukiwa wakweli, wengi wanajua yote tuliyosema hapo juu. Kinachowazuia ni haya. Mteja ni baba mkwe, ni mwalimu aliyekufundisha, ni mchungaji au shehe, ni diwani, ni shangazi. Utamwambiaje aweke saini?

Njia mojawapo ni kuufanya utaratibu uwe wa kazi yako, si wa mtu. Ukiwa na daftari moja ambalo kila mteja anaandikwa, hakuna anayejiona ameshukiwa. Unasema: "Shangazi, kila kazi naiandika humu, maana nikisahau nitakukosea." Mama wa cherehani anaweza kubandika karatasi ukutani: kushona kunaanza baada ya nusu ya malipo. Karatasi ile inamsemea, naye anabaki na tabasamu lake.

Kama unataka kumsaidia ndugu, msaidie kwa wazi. Mwambie: "Bei ni 80,000, kwa kuwa ni wewe nipe 50,000." Au umfanyie bure na uiite zawadi. Kinachovunja undugu ni kazi ambayo mmoja aliihesabu kuwa msaada na mwingine aliihesabu kuwa deni.

Na kuhusu mkubwa wa kijiji au wa kata anayependa kufanyiwa kazi kwa jina lake tu: cheo hakilipi saidia fundi. Mpe heshima yake yote katika maneno, na hatua za malipo zibaki zile zile.

Mali ikiwa bado iko kwako

Fundi cherehani, seremala, fundi simu, fundi pikipiki na mpiga picha wana nguvu ambayo fundi uashi hana: kazi iliyokamilika bado iko mikononi mwao. Sheria ya Mikataba inampa mtu aliyepokea mali ya mwingine, akaifanyia kazi ya ufundi, haki ya kuendelea kuishika mpaka alipwe ujira wa kazi ile, isipokuwa kama walikubaliana kuwa malipo yatakuja baadaye. Kwa hiyo ukiahidi kutoa suruali kisha ulipwe mwezi ujao, umejiondolea haki hiyo. Usiahidi.

Kushika si kuuza. Usiuze simu ya mteja wala kuvaa kitenge chake kwa sababu amechelewa. Mkumbushe kwa ujumbe, hifadhi mali vizuri, na kama muda unapita sana, lipeleke jambo kwenye uongozi kabla ya kufanya lolote.

Anayepiga picha au kutengeneza matangazo na kadi kwa kompyuta aonyeshe kazi kwanza kwa picha ndogo au yenye maandishi ya jina lake juu, kisha atoe zilizo kamili hela ikishaingia. Mpishi na MC wa sherehe wana hali tofauti: sherehe ikishapita, kamati huvunjika na kila mjumbe humtaja mwenzake. Hao wahakikishe malipo yote, au karibu yote, yamekamilika kabla ya siku yenyewe, na makubaliano yawe na jina la mtu mmoja anayewajibika. Neno "kamati" peke yake halitoshi.

Ujumbe wa muamala usikudanganye

Wapo wanaotuma ujumbe uliotengenezwa ufanane na wa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, kisha wanapiga: "Fundi, nimekutumia, toa mzigo." Kabla hujakabidhi chochote, angalia salio lako kupitia menyu ya mtandao wenyewe. Salio halijaongezeka, hela haijaingia. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuripotiwa bure kwenda namba 15040.

Jihadhari pia na kazi zinazokuja kwa simu kutoka kwa mtu usiyemjua, anayetaka utume hela ya "fomu", "usajili" au "kitambulisho cha kazi" kwanza. Katika kazi ya kweli mteja ndiye anayekulipa wewe.

Ujumbe wa makubaliano ulio kwenye simu moja hupotea simu ikiibiwa au ikiharibika. Nakili mambo muhimu kwenye daftari pamoja na tarehe, saa na namba iliyotuma. Kama simu yako inapiga picha ya kioo, piga na umtumie mtu unayemwamini.

Mteja amekataa: ngazi za kupanda

Hatua ya kwanza ni kumkumbusha kwa maandishi, hata kama mnaonana kila siku. "Mzee, salaam. Kazi ya choo niliikabidhi tarehe 12 mwezi wa sita. Bado 100,000. Naomba kujua utanipa lini." Jibu lake ni la thamani. Akiandika "nivumilie mpaka mwisho wa mwezi", amekiri deni kwa mkono wake mwenyewe.

Hatua ya pili ni barua ya madai. Iwe fupi: kazi iliyofanyika, kiasi mlichokubaliana, kilicholipwa, kilichobaki, na siku unazompa, tuseme 14. Mwandikie kwamba zisipoleta malipo utalipeleka jambo kwenye uongozi au mahakamani. Mkabidhi mbele ya mtu, ubaki na nakala. Barua hii mara nyingine humaliza mambo, kwa kuwa mteja anaona kuwa umejipanga.

Hatua ya tatu ni usuluhishi karibu na nyumbani: mwenyekiti wa kitongoji, ofisi ya kijiji, au Baraza la Kata ambalo kazi yake ya msingi ni kuwapatanisha watu. Faida ya ngazi hii ni kwamba haina gharama kubwa na mnaweza kukubaliana kulipana kidogo kidogo. Mkikubaliana, yaandikwe: kiasi, tarehe za kila awamu, saini na muhuri. Bila karatasi hiyo mtarudi mwanzo.

Hatua ya nne ni Mahakama ya Mwanzo. Wengi wanaiogopa bila sababu. Lugha yake ni Kiswahili, na huhitaji wakili kufungua madai. Deni linalotokana na mkataba linaweza kufunguliwa pale kama halizidi shilingi milioni 30, kiwango kilichowekwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Unaweza kueleza madai yako kwa mdomo yakaandikwa. Kuna ada ya kufungua. Ulizia kwa karani, udai risiti. Nenda na daftari lako, simu yenye ujumbe, nakala ya barua ya madai, picha za kazi, na majina ya mashahidi. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, lakini usingoje. Shahidi huhama, na simu hufa.

Mdaiwa ataitwa. Asipofika baada ya kuitwa ipasavyo, shauri linaweza kusikilizwa bila yeye. Ukishinda, mahakama inaweza kuamuru alipe mara moja au kwa awamu, na akikaidi unaweza kuomba hukumu itekelezwe, hata kwa kukamata na kuuza mali yake. Asiyeridhika, wewe au yeye, ana siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Kama unahitaji mtu wa kukuongoza, uliza kuhusu wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada kwa asiye na uwezo hutolewa bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yako inaweza kukuelekeza waliko.

Vitu vya kutofanya

Usikimbilie polisi ukitaka mteja "awekwe ndani mpaka alipe". Deni la kazi ni jambo la madai, na polisi si wakusanya madeni. Ni tofauti pale mtu alipokulaghai tangu mwanzo, kwa mfano amejifanya mtu mwingine au amekutumia ujumbe wa muamala wa uongo ili achukue mzigo. Hilo linaweza kuwa kosa la jinai, na hapo kuripoti ni sahihi.

Usipande juu ya nyumba kung'oa bati ulizozipiga, wala usibomoe ukuta, wala usichukue baiskeli ya mteja usiku. Tumesikia mafundi wakisema "kazi ni yangu". Ukifanya hivyo, asubuhi wewe ndiye utakayekuwa mshtakiwa wa kuharibu mali au wa wizi, na deni lako litasahaulika.

Na usimtangaze mteja kwenye makundi ya simu kwa matusi. Unaweza kujiingiza kwenye kesi nyingine, na humpi sababu ya kulipa.

Kazi za shule, zahanati na miradi ya umma

Mafundi wa kijijini hupata kazi za madarasa, vyoo vya shule na zahanati kwa utaratibu unaojulikana kama "force akaunti", ambapo mradi hununua vifaa na kumlipa fundi kazi ya mikono. Hapa tahadhari iongezeke, kwa sababu moja kubwa: huwezi kuipeleka halmashauri wala serikali ya kijiji Mahakama ya Mwanzo. Kudai serikali kunahitaji notisi ya siku 90, na baada ya hapo shauri hufunguliwa Mahakama Kuu pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa fundi mwenye deni la laki nane, nauli na muda vinaweza kuzidi deni.

Kwa hiyo kinga ni mwanzoni. Usiingie bila mkataba wa maandishi wenye saini na muhuri, na ubaki na nakala yako. Kila hatua ikikamilika, omba ikaguliwe na uandikiwe kwamba imekubaliwa, kisha udai malipo yake kwa barua iliyopokelewa kwa muhuri. Malipo yakikwama, panda kwa maandishi: mkuu wa shule au mtendaji, kisha ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Barua zenye muhuri ni vigumu kuzikana.

Lini uachie?

Kuna madeni ambayo kuyafuata kunagharimu kuliko yalivyo. Kabla ya kupanda gari kwenda mahakamani, hesabu nauli za safari kadhaa, ada, na siku za kazi utakazopoteza. Kama unadai 40,000 na mahakama iko mbali, usuluhishi wa kijiji ukishindikana, huenda ni heri uandike jina hilo kwenye daftari lako na usimfanyie tena kazi bila kulipwa kwanza. Kama unadai laki tisa, hesabu ni nyingine kabisa. Uamuzi ni wako.

Kama una kazi inayoendelea sasa hivi bila maandishi yoyote, bado hujachelewa. Jioni ya leo tuma ujumbe mmoja unaoeleza kazi, bei mliyokubaliana, kilicholipwa na kilichobaki, na umwombe mteja athibitishe. Kama bado anakupenda na anahitaji umalizie, huo ndio wakati ambao atajibu.